Tabo na Mkanda wa Taimingi: Kupima Ugonjwa wa Injini ya Dizeli Kabla ya Kutoa Fedha

Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Umoja mbele ya wajumbe wa kamati, makarani, madereva na wanachama, katika sherehe za kutimiza miaka 10



Tumepewa nafasi ya kusema machache katika sherehe hii, na labda wengi wenu mlitazamia tuzungumze juu ya bei ya kahawa au mikopo ya pembejeo. Mambo hayo yana wasemaji wake. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya injini ya dizeli, khasa vitu viwili vilivyomo ndani yake: tabo na mkanda wa taimingi. Msistaajabu. Kahawa mbivu ikisha kuchumwa haimngoji mtu. Yapasa imenywe siku ileile. Ikilala katika magunia huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hakuna awezaye kuirudishia ubora wake. Basi gari likifa katika kilima cha Kibosho saa kumi na moja jioni, na ndani yake mna magunia ya watu arobaini, halikufa gari peke yake. Imo hatarini kazi ya mwaka mzima ya nyumba arobaini.

Sisi si mafundi, wala hatukuja kuwafundisha mafundi kazi yao. Lakini kamati ndiyo inayotoa fedha, na mtoa fedha hana budi kujua la kuuliza. Neno letu la leo ni hili: tabo hutoa dalili kabla ya kufa, na asiyesoma dalili hulipa mara mbili, mkanda wa taimingi aghalabu hautoi dalili, na dawa yake imo katika daftari. Wahenga wametuachia methali mbili zinazotosha. Kwa tabo, dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkanda, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na tabo. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto mno, kisha dizeli hupulizwa humo ikawaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani, alikamilisha injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897. Haikupita miaka kumi, Mswisi aitwaye Alfred Büchi akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905: kuutumia moshi unaotoka katika injini uzungushe chombo cha kusukumia hewa ndani. Hicho ndicho tunachokiita tabo.

Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza hukaa katika njia ya ekzosi na kuzungushwa na moshi wa moto. Gurudumu la pili hukaa upande wa hewa safi, likaivuta hewa kutoka kwenye chujio na kuisukumia injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nao hauegemei kitu kingine ila utando mwembamba wa oili. Hapo ndipo uhai wa tabo ulipo. Oili ikipungua, ikichafuka au ikikawia kufika, mhimili husagika.

Sasa tazameni nchi yetu. Mji wa Moshi uko mita 800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya kahawa hupanda mpaka karibu mita 1,800. Huko juu uzito wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo gari linapopanda Machame, Marangu au Rombo, tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuipa injini hewa ileile. Kisha gari likifika sokoni, likiwa limetoka kupanda kwa gia ya pili nusu saa nzima, dereva huzima injini papo hapo akashuka kusalimia watu. Oili husimama, na tabo ingali ina moto mkali. Oili ile iliyobaki ndani huungua ikawa kama masizi magumu, nayo huziba njia ya oili kidogo kidogo. Ndugu zetu madereva, ukimaliza kupanda na mzigo, iache injini ingurume polepole dakika mbili au tatu kabla ya kuizima. Salamu zitangoja.

Tuje katika dalili. Gari likikosa nguvu likatoa moshi mweusi, maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Hewa imepungukia wapi? Si lazima iwe tabo. Yawezekana chujio la hewa limejaa vumbi la tambarare za Mabogini na Kahe. Yawezekana mpira wa hewa umepasuka. Yawezekana nozeli zimeharibika. Moshi wa buluu una maana kwamba injini inachoma oili. Moshi mweupe aghalabu ni dizeli isiyowaka vema, au maji ya rejeta yaliyoingia mahali pasipo pake. Sauti ya kuzomea gari linapovuta ni dalili ya hewa inayotoroka. Sauti nyembamba kali kama king'ora, inayopanda kadiri injini inavyopandishwa, ni dalili ya mapanga kugusa ukuta wa nyumba yake au beringi kulegea.

Msimu mmoja pikapu ya Umoja ilianza kushindwa kupanda Uru ikiwa na mzigo, huku ikitoa moshi mweusi. Fundi mmoja aliisikiliza dakika mbili, akasema tabo imekufa, inunuliwe nyingine. Kamati ikauliza swali moja tu: "Umejuaje?" Fundi hakuwa na jibu. Dereva na utingo wake wakafungua boneti, wakafuata mipira ya hewa kwa mkono kutoka kwenye chujio mpaka kwenye injini. Chini ya kibano kimoja walikuta mpira umekatika, na kando yake pametapakaa mafuta na vumbi, kwa kuwa hewa ilikuwa ikitokea hapo. Mpira ulinunuliwa, pikapu ikapanda Uru jioni ileile. Tabo ile ya kwanza ndiyo iliyomaliza msimu.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu huu, na kila hatua yake ni ya bei ndogo kuliko ile inayofuata. Kwanza, toa chujio la hewa ulitazame. Pili, fuata mipira yote, ubane kila kibano. Tatu, tazama kijiti cha oili: je, oili ipo, na ilibadilishwa lini? Nne, injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa mpira unaoingia katika tabo, uuguse mhimili kwa vidole. Yapasa uzunguke kwa wepesi. Ukitikiswa upande kwa upande, mchezo mdogo si ugonjwa, kwa sababu mhimili huelea katika oili. Lakini mapanga yasiguse ukuta. Ukisukumwa na kuvutwa mbele na nyuma, usicheze mchezo wa kuonekana. Tano, tazama mapanga yenyewe. Yakiwa yamekwaruzwa au kumegeka, kitu kigumu kilipita humo, na kama hakikutafutwa kitaila tabo mpya pia.

Lipo na neno moja linalowadanganya wengi. Kukuta oili ndani ya mpira wa hewa si ushahidi kamili kwamba tabo imekufa. Ikiwa bomba la kurudishia oili limeziba, au njia ya kupumulia injini imeziba, oili hukosa pa kwenda ikapenya katika sili za tabo hata kama tabo ni nzima. Mtu akibadilisha tabo bila kuzibua mabomba hayo, atakuwa amemlisha simba mbuzi wa pili. Kadhalika bomba dogo la kuleta oili: likiwa na masizi ndani, tabo mpya itakufa kwa kiu kama ya kwanza. Kwa hiyo tabo mpya haifungwi pasipo oili mpya, filta mpya na mabomba yaliyosafishwa au kubadilishwa. Fundi aitie tabo oili safi kabla ya kuifunga, kisha aizungushe injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izimike.

Tuwaonye pia juu ya hatari moja. Sili za tabo zikivunjika kabisa, injini ya dizeli yaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe. Hapo hupanda mzunguko peke yake, moshi ukafunika barabara, na ufunguo hauizimi, kwa maana ufunguo hukata dizeli tu na injini haiitaki dizeli tena. Katika gari la gia za mkono, dereva asimamishe gari, akanyage breki kwa nguvu zake zote, atie gia ya juu kabisa, kisha aachie klachi ili injini izimike. Au izibwe njia ya kuingizia hewa kwa ubao mgumu, kamwe si kwa mkono wala kwa kitambaa. Ikishindikana, watu wote wakae mbali. Injini yaweza kununuliwa tena; mtu hanunuliwi.

Sasa mkanda wa taimingi. Ndani ya injini mna krenki inayozungushwa na pistoni, na kemshafti inayofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti yapasa izunguke mara moja, wala isikosee hata jino moja. Katika injini nyingi kazi hiyo ya kuzipatanisha hufanywa na mkanda wa mpira wenye meno, na mara nyingi mkanda huohuo huzungusha pampu ya dizeli. Kwa kuwa dizeli hutaka mgandamizo mkubwa, nafasi iliyobaki kati ya pistoni na silinda hedi ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, valvu husimama zilipo, nyingine zikiwa zimefunguka, na pistoni huzigonga. Valvu hupinda, na pengine kemshafti au pistoni huvunjika. Kitu cha bei ndogo kimeua kitu cha bei kubwa.

Si kila injini ina mkanda, na karani hana budi kujua ya gari lake. Injini ya Toyota 1HZ, iliyotiwa katika Land Cruiser na Coaster nyingi, ina mkanda lakini ilitoka kiwandani bila tabo. Injini za 1KZ-TE na 1KD-FTV zina vyote viwili. Ile ya 1GD-FTV, iliyokuja mwaka 2015, ina tabo lakini badala ya mkanda ina mnyororo. Malori makubwa mengi hutumia gia za chuma. Ujue jina la injini kwanza, ndipo uzungumze juu ya ugonjwa wake.

Mkanda hufa namna mbili, na dalili zake ni tofauti. Namna ya kwanza ni kuruka jino. Gari huwa gumu kuwaka asubuhi, hutetemeka hata likiwa limesimama, hukosa nguvu na kutoa moshi. Hapa ndipo watu husema "ni tabo." Lakini tabo mbovu kwa kawaida haizuii gari kuwaka, wala haliisumbui sana injini ikinguruma polepole, ubaya wake huonekana katika kuvuta mzigo. Ikiwa gari ni gonjwa hata likiwa limesimama, tazama kwanza alama za taimingi na nozeli, ndipo uitazame tabo.

Namna ya pili ni kukatika. Injini huzimika ghafla kama taa iliyopulizwa. Sikilizeni stata. Injini nzima iliyokosa dizeli huzungushwa kwa shida, kwa mapigo yenye uzito, maana mgandamizo upo. Injini iliyokatika mkanda aghalabu huzunguka upesi na kwa wepesi, kama kitu kitupu. Ukisikia wepesi huo, acha. Usirudie stata. Tena, na hili twalisema kwa watu wa milimani khasa, usiliachie gari mteremko ili liwake. Sote twajua desturi hiyo: betri ikiwa dhaifu, mteremko ndio stata yetu. Lakini gari lililokatika mkanda likiachiwa mteremko, kila mzunguko wa magurudumu huziponda valvu zile zile, na zile zilizosalia nazo huharibika. Sukuma gari kando, weka mawe, mwite fundi. Fundi afungue kifuniko cha juu, azungushe krenki polepole kwa spana, atazame kama kemshafti inafuata. Isipofuata, hukumu imetoka. Kisha, kabla ya kufunga mkanda mpya, mgandamizo wa kila silinda upimwe au silinda hedi ishushwe, ili ijulikane valvu ngapi zimepinda.

Mwaweza kuuliza, je, mkanda haupimwi kabla haujakatika? Hupimwa, lakini si kwa sikio. Fundi aweza kufungua kifuniko akaona nyufa, meno yaliyolika, au oili iliyovuja kutoka katika sili ikaulainisha mpira. Aweza kuizungusha beringi ya kukazia mkanda akasikia inakwaruza. Lakini mkanda waweza kupendeza machoni na kukatika kesho. Kipimo chake cha kweli ni umri na safari. Vitabu vya watengenezaji hutaja kilomita 100,000 kwa injini nyingi za namna hii, na kwa nyingine 150,000. Katika Toyota nyingi za dizeli zenye mkanda kuna taa iliyoandikwa T-BELT, nayo huwaka kilomita hizo zikitimia. Taa hiyo hauoni mkanda. Huhesabu safari tu. Gari lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika ng'ambo, na hakuna hati inayosema mkanda ulibadilishwa lini, lihesabiwe kwamba mkanda wake umekwisha, ubadilishwe mwanzo kabisa.

Tena tukumbuke kwamba kilomita ya mlimani si sawa na kilomita ya barabara ya Arusha. Gari linalopanda kwa gia ya kwanza na ya pili huzungusha injini mara nyingi zaidi katika kila kilomita. Mkanda huhesabu mizunguko ya injini, wala hauhesabu mawe ya barabarani. Kwa magari yetu yanayoshinda mlimani, ni busara kubadilisha kabla ya hesabu ya kitabu kutimia, na kubadilisha pamoja na beringi zake, na sili zinazovuja, na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo.

Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo injini inapokutana na ushirika. Wakulima wa mlima huu walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na kisha KNCU mwaka 1933, silaha yao kubwa ilikuwa mizani na daftari. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapa Moshi, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu. Tumezoea kuandika kila kilo ya kahawa ya kila mwanachama. Je, gari linalobeba kilo zote hizo, nani huliandikia?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, kila gari la Umoja liwe na daftari lake: siku ya kubadilisha oili na filta, kilomita, siku ya mkanda, jina la injini. Humo dereva aandike pia gia anayopandia kilima kilekile kwa mzigo uleule. Ikiwa mwezi uliopita alipanda kwa gia ya tatu na sasa kwa ya pili, mlima wenyewe umepima tabo bila malipo. La pili, kamati isipitishe fedha za tabo wala za injini mpaka imeonyeshwa kitu kilichoharibika, na sababu yake imeandikwa. Swali ni lile lile: "Umejuaje?" Fundi mwema halichukii, hulifurahia, maana humtenga na mbabaishaji. La tatu, kazi za mikanda zifanywe wakati wa masika, Machi hadi Mei, kahawa ingali mbichi mtini, ili mavuno yanapoanza kushika kasi kuanzia Julai magari yawe tayari.

Miaka 10 ya Umoja wetu imehifadhiwa katika madaftari yaliyo katika kabati la ofisi, na mtu akitaka kujua kilo zake za msimu wa kwanza, ataonyeshwa. Twataka gari lililo uani liwe na heshima hiyohiyo. Siku dereva atakapotuletea habari kwamba gari halivuti, karani afungue daftari kwanza, dereva afungue boneti pili, na mhazini afungue sanduku mwisho.